Tairi la Tano

Nilikuwa nimepiga magoti kwenye changarawe, simu nimeibana kwa meno ili tochi yake imulike, nikisoma maandishi ya tairi nililokuwa nimetoka kulifunga. T165/80D17. Ile T ya mwanzo maana yake ni tairi la muda tu. Kwenye rimu, kibandiko cha njano: mwisho kilomita 80 kwa saa.

Lami ilikuwa imeishia nyuma yetu. Mbele kulikuwa na kilomita 110 za changarawe na mawe, na jua lilikuwa limeshazama.

Tairi lililotoka nililiegemeza kwenye bampa. Jiwe lilikuwa limelichana ubavuni, mpasuko wa urefu wa kidole, nyuzi zimechungulia nje kama ncha za kamba iliyokatwa kwa kisu butu. Ubavu hauzibwi. Hata ningekuwa na ile dawa ya kujaza ndani ya tairi isingenifaa. Dawa ile ni ya tundu la msumari kwenye kashata, pale tairi linapogusa barabara, si ya jeraha kama lile.

Mama akashusha kioo. "Umemaliza, mwanangu?"

"Nimemaliza, mama."

Nikakaa kwenye usukani, nikawasha gari, nikatazama mbele, nikatazama nyuma. Halafu nikageuza.

Mama alikuwa anakwenda kumwona dada yake aliyelazwa. Tulifika kesho yake alasiri badala ya usiku ule. Mama mkubwa tulimkuta macho, akatupokea, na sasa amepona. Mama hakunilaumu hata kwa neno moja. Lakini kilomita zote 60 za kurudi mjini alikuwa ameishika simu mapajani, haipigi wala haiweki mkobani, na mimi nilikuwa naiona.

Mkono ule na simu ile sikuweza kuvisahau.

## La kukutoa, si la kukufikisha

Siku niliyonunua gari niliinua zulia la buti, nikaona tairi, nikasema moyoni: spea ipo. Nikafunga. Sikujiuliza ni spea ya namna gani.

Baada ya safari ile, kila nikifungua buti nililiinua tena lile zulia. Jembamba, limelala kwenye shimo lake. Usiku mmoja nikachukua kalamu. Matairi yangu ni 225/65R17, kipenyo chake kama milimita 724. Lile dogo ni kama milimita 696. Tofauti haifiki sentimita 3, na ukiitazama kwa macho unaidharau. Lakini katika kilomita moja tairi kubwa huzunguka karibu mara 440, na dogo karibu mara 457. Kwenye zile kilomita 60, gurudumu moja lilizunguka zaidi ya mara elfu moja kuliko mwenzake wa ekseli ileile.

Difu, ile gia ya ekseli inayoruhusu magurudumu mawili yazunguke kwa kasi tofauti, ndiyo inayobeba tofauti hiyo. Ilitengenezwa kwa ajili ya kona, ambapo gurudumu la nje hukimbia zaidi kwa sekunde chache kisha yakalingana. Haikutengenezwa kwa saa nzima ya kukosana. Na kama gari linasukumwa na magurudumu yote manne, kile kiungo kinachogawa nguvu kati ya mbele na nyuma nacho huanza kuhangaika na kupata joto. Ndiyo maana vitabu vya magari husema: mwendo mdogo, safari fupi, kisha rudisha tairi lako. Tena lile jembamba linataka upepo wa psi 60, karibu mara mbili ya matairi ya kawaida, na sijui ni wangapi kati yetu huwa tunalikumbuka tunapojaza yale manne.

Simaanishi kwamba tairi dogo ni baya. Lilitutoa porini usiku. Ni jepesi, halili nafasi, mtu yeyote analinyanyua. Kazi yake ni kukutoa ulipokwama hadi kwa fundi wa pancha wa karibu. Inakuwa shida pale fundi huyo yuko kilomita 110 mbele, na njia ya kumfikia ni ileile iliyokupasulia la kwanza.

Wazo lenyewe lina umri. Mwaka 1904, katika mji wa Llanelli, Wales, Thomas Morris Davies na ndugu yake Walter walianza kutengeneza gurudumu la akiba, enzi ambazo magari yaliuzwa bila hilo. Lao lilikuwa rimu isiyo na spoku, yenye tairi lililokwisha kujazwa upepo. Ukipata pancha unaibana juu ya gurudumu lako na kuendelea. Karakana yao ilikuwa mtaa wa Stepney, na hadi leo India tairi la akiba huitwa stepney. Nilipenda kujua kwamba hata hao walianza na gurudumu la dharura. Baadaye magari yakabeba magurudumu kamili, yamefungwa nje, ubavuni au nyuma, kila mtu anayaona. Kwa hiyo tairi la nje si urembo wa juzi.

## Liwekwe wapi

Nikataka tairi la tano lililo sawa kabisa na yale manne. Shimo la buti lilichimbwa kwa ajili ya tairi la upana wa milimita 165. La kwangu lina 225. Likilazwa humo linatokeza sentimita 6, na sakafu ya buti haifungiki.

Kulifunga kwa mikanda ndani ya buti, juu ya sakafu? Nililifikiria sana, na kwa safari ya mtu mmoja bado naona si wazo baya. Lakini pancha haikupigii hodi siku ambayo buti ni tupu. Ukiwa na mizigo, unaanza kwa kupanga mabegi barabarani usiku. Na siku utakapolirusha tu bila mikanda kwa sababu una haraka, gari likisimama ghafla kilo 22 hazisimami nalo. Zinakuja mbele, walipo watoto.

Juu ya paa nililikataa palepale. Siwezi kunyanyua kilo 22 kupita kichwa changu, na sitaki kujidanganya kwamba usiku wa hofu nitaweza. Chini ya gari hakuna nafasi: bomba la moshi, tangi na vyuma vya ekseli vimeshajaa.

Ikabaki nyuma, nje.

## Kidole gumba

Fundi wa kwanza aliukagua mlango wa nyuma kwa dakika moja.

"Dada, hii ni nusu siku tu. Tunatoboa hapa, bamba ndani, bamba nje, bolti nne. Unaondoka nalo leo."

Nilitaka sana kukubali. Nilikuwa nimechoka kuliwaza jambo hili, na hapa palikuwa na mtu mwenye uhakika. Nikaweka kidole gumba katikati ya mlango, chini ya kioo, nikabonyeza. Bati likaingia ndani. Nikaachia, likarudi kwa mlio mdogo, *tak*.

Kidole kimoja.

Magari yaliyozaliwa na tairi mlangoni, mlango wake hufunguka kwa ubavu kama wa nyumba, una bawaba nene na fremu iliyoimarishwa kwa ndani. Na hata hayo, yakizeeka kwenye barabara mbovu, utamwona mwenye gari anaunyanyua mlango kwa mkono ndipo ufunge, kwa sababu bawaba zimelegea kwa uzito. Wangu unafunguka kwenda juu. Bawaba zake mbili ndogo ziko darini, na unanyanyuliwa na fito mbili za gesi zilizopimwa kwa uzito wa mlango ule na si zaidi. Ningeongeza kilo 22 na chuma chake, fito zisingeusimamisha. Ungemshukia mtu kichwani.

"Fundi, bawaba hizi zitahimili?"

"Wengi nimewafungia, dada."

Nilikuwa nimeuliza kuhusu bawaba. Nikamshukuru, nikaondoka.

## Kilo 50 zisizokuwa 50

Fundi wa pili hutengeneza matrela. Yeye hakuanzia mlangoni. Alitandika boksi chini, akaingia uvunguni, akakaa humo muda mrefu hadi nikadhani amesahau kwamba nipo.

Gari langu halina chesisi ya peke yake. Bodi na chesisi ni kitu kimoja. Lakini nyuma, chini ya sakafu ya buti, kuna mihimili miwili ya chuma kilichokunjwa, na kiwanda kiliacha matundu maalumu ya kufungia chuma cha kukokotea trela. Chuma hicho kina bomba la mraba la inchi 2. Kibebeo huchomekwa humo, kikiwa na mkono unaofunguka kando kwa ekseli fupi iliyosimama wima, yenye beringi mbili na grisi, sawa na kitovu cha gurudumu la trela. Uzito haugusi mlango kabisa.

Alipotoka uvunguni aliniuliza swali ambalo sikuwa nimeulizwa na mtu: "Kitabu chako kinasema bomba hili libebe kilo ngapi wima?"

Nikafungua kitabu. Kilo 70.

"Hiyo ni kwenye lami," akasema. "Kwenye mawe uzito unaruka na kutua. Ukitua, si ule tena. Tukae chini sana ya hapo."

Tairi na rimu kilo 22, kibebeo kilo 28. Jumla 50. Nikafurahi. Akachukua chaki, akachora mstari sakafuni, akaweka alama tatu.

Kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni mita 2.7. Kutoka ekseli ya nyuma hadi katikati ya tairi litakaloning'inia ni mita 1.25. Uzito uliokaa nyuma ya ekseli ni kama mtoto aliyekaa kwenye ncha ya pembea ya ubao, ile ya kupanda na kushuka: unaisukuma nyuma chini na kuinyanyua mbele. Ukizidisha 50 kwa 1.25 na kugawa kwa 2.7 unapata 23. Maana yake ekseli ya nyuma inabeba kilo 73, na ile ya mbele, yenye usukani na sehemu kubwa ya breki, inapungukiwa kilo 23.

Pale ndipo nilipokaribia kuacha kabisa. Nilikuwa nimeingia katika jambo hili kutafuta usalama, na chaki ikanionesha kwamba usalama huo nitaununua kwa usalama mwingine. Nilirudi nyumbani bila kuagiza kitu. Siku nne nilizunguka na hesabu ile kichwani. Nilichoamua mwishoni ni kupunguza mzigo upande mwingine: tairi dogo litoke garini, kilo 14, sanduku la zana nililokuwa nalibeba tangu siku ya kwanza bila kulifungua litoke, na mizigo mizito ikae karibu na viti, isisukumwe hadi mwisho wa buti. Kisha taa za mbele zipimwe upya, maana nyuma ikishuka taa hupanda na kumpofua anayekuja. Hilo la taa wengi hulisahau, na wanaoumia ni watu wengine.

## "Na mkono ukiwa unauma?"

Binti yangu ana miaka 13. Alikuwa anasikiliza yote haya bila kusema kitu, halafu jioni moja, anaosha vyombo, akauliza: "Mama, siku ile ungekuwa umeumia mkono, nani angelishusha?"

Wiki zote zile nilikuwa nimepima bawaba, mihimili na ekseli. Sikuwa nimempima mtu.

Mchoro wa fundi uliweka ukingo wa chini wa tairi sentimita 60 kutoka ardhini, ili gari lisikwaruze nyuma likipanda kutoka mtoni. Kesho yake tukalibeba tairi mimi na binti yangu, tukaliweka juu ya meza tuliyoishusha hadi kimo hicho, nikamwambia alishushe peke yake. Alilikumbatia. Likamvuta mbele, akarudi hatua mbili, likaanguka kando ya mguu wake na kuviringika hadi ukutani. Hakuumia. Nikajaribu mimi. Nililishusha, lakini kulirudisha kulinitoa jasho, na kiuno kilikuwa kinanionya.

Tukaishusha meza hadi sentimita 45. Sasa aliliacha liteleze kwenye paja lake hadi chini. Kulirudisha bado kulimshinda.

Nilirudi kwa fundi na sentimita zile 15. Alikunja uso, alikuwa na sababu, kwa kuwa tairi likishuka, gari linagusa mapema kwenye korongo. Tukaafikiana sentimita 48. Kisha yeye mwenyewe akabuni kitu ambacho nakiona ndicho bora kuliko vyote kwenye kibebeo kile: kidaka kidogo cha chuma, upana wa kiganja, chini ya mahali tairi linapokaa. Huhitaji tena kulinyanyua na kulenga bolti kwa wakati mmoja. Unaliegemeza, unanyanyua ukingo mmoja kwenye kidaka, unapumzika, kisha unalisukuma kwa goti lisimame. Ndipo unalenga.

Binti yangu alilirudisha jaribio la pili. Dakika sita, peke yake.

Siku hiyo ndiyo nililipa.

## Nilichokitoa

Kioo cha nyuma, theluthi moja kimezibwa. Kamera ya nyuma ilikuwa inatazama mpira mtupu. Ikahamishiwa juu ya mkono wa kibebeo, na waya wake umeachiwa urefu wa kutosha ili mkono ukifunguka usikatike. Namba ya gari nayo ilifichwa, pamoja na taa yake, ikabidi zote mbili zihamie nje ya tairi. Ile taa ya tatu ya breki, bahati nzuri iko juu na bado inaonekana. Tulikaa nyuma ya gari, mahali dereva wa gari dogo na wa lori angekuwa, kuhakikisha. Vitambuzi vya kuegesha hulia muda wote kwa kuwa vinakiona kibebeo, nikavizima. Gari limerefuka sentimita 30, na wiki za kwanza nilikuwa nashuka kuangalia kila nikirudi nyuma.

Kufungua buti sasa ni kazi ya hatua tatu. Toa pini, fungua mkono, nyanyua mlango. Kwenye mteremko mkono unataka kujifunga wenyewe, na una pini nyingine ya kuuzuia. Pini hiyo si ya hiari. Chuma chenye tairi kikimrudia mtu mgongoni ni hatari kweli.

Lakini shaka kubwa haikuondoka, na sitajifanya iliondoka. Bampa la kiwandani limetengenezwa kunyonya kishindo kidogo: povu, kisha chuma kinachokunjika. Sasa mtu akinigonga nyuma taratibu kwenye foleni, kitakachoguswa kwanza ni tairi langu, na nyuma ya tairi kuna kioo, na chuma kinapeleka kishindo moja kwa moja kwenye mihimili. Nimelipokea hilo macho yakiwa wazi. Ninapokuwa mjini kwa wiki nyingi bila safari, nachomoa kibebeo kizima na kukiweka ukutani. Ni bolti moja na pini moja. Kama kingekuwa cha kuchomelewa moja kwa moja, nisingekitaka.

## Mstari mweupe

Kilomita 300 za kwanza zilikuwa kimya. Kisha ikaanza, *ko-ko-ko*, kila tunapopita kwenye matuta madogo ya barabara ya vumbi.

Nilisimama, nikashika tairi kwa mikono miwili na kulitikisa. Halikucheza. Nikatikisa mkono wa kibebeo, haukucheza. Nikalala chini. Chuma kilichochomekwa kilikuwa kinacheza ndani ya bomba la mraba, milimita moja labda, kama jino linalotaka kung'oka. Kwenye ukingo wa bomba rangi ilikuwa imekwanguka hadi chuma kikang'aa.

Milimita moja karibu na bomba inakuwa sentimita nzima kule tairi lilipo, na kila tuta ni nyundo. Fundi aliongeza bolti ya kubana kutoka chini, akanionesha kichwa chake kilichochongwa 10.9, daraja la uimara wake, akaniambia nisikubali mtu anirudishie ya 8.8, iliyo dhaifu zaidi, ikipotea. Kisha akachukua brashi nyembamba na rangi nyeupe, akapiga mstari mmoja unaopita juu ya kila nati na kuendelea kwenye chuma kinachoishikilia. Nati ikilegea, mstari unakatika. Huhitaji spana kujua, unatazama tu.

Kila nikijaza mafuta huwa nainama. Mistari tisa. Hadi sasa mmoja tu umewahi kukatika, wa bawaba ya juu, na niliukaza palepale kabla ya kuondoka.

## Zamu

Tairi linaloning'inia nje linazeeka hata kama halijagusa barabara. Jua hulikausha, nyufa ndogo huanza ubavuni. Nimelishonea kifuniko cha turubai, na nimesoma tarakimu nne za mwisho kwenye maandishi ya ubavuni yanayoanza na DOT: wiki ya kutengenezwa, kisha mwaka. 1423 ni wiki ya 14 ya mwaka 2023. Watengenezaji wengi hawataki tairi lipite miaka 10, hata lile ambalo halijatumika, na baada ya miaka mitano wanataka likaguliwe kila mwaka. Tairi la akiba ndilo linalopita miaka hiyo kimyakimya, kwa sababu kashata zake zinang'aa kama za dukani.

Kwa hiyo yanazunguka yote matano. Yanalingana ukubwa, aina na rimu, basi kila kilomita 10,000 moja linatoka barabarani na la nyuma linaingia, na yanalika pamoja.

Mwezi uliopita ilikuwa zamu ya kwanza. Binti yangu alitoa pini, akafungua mkono, akaliteremsha kwenye paja. Tukalifunga nyuma kushoto, mahali palepale pa usiku ule. Lililotoka pale akaliegemeza kwenye kidaka, akalisukuma kwa goti, akakaza nati, akavuta kifuniko juu yake. Kabla hajalifunika niliona kashata zake bado zimeshika vijiwe vya safari ya juzi, tulipompeleka mama kwa dada yake, na tukafika saa kumi na mbili jioni.